Kutuma Si Kufikisha

Wengi wenu mwajua ya kuwa tangu mwaka jana ofisi ya shule yetu imepunguza sana barua za karatasi, na habari nyingi hupelekwa kwa wazazi kwa barua-pepe. Tarehe za kufunga na kufungua shule, matokeo ya mitihani ya muhula, na orodha ya vitu ambavyo mwanafunzi apaswa kuja navyo, yote hayo sasa hutoka katika kompyuta moja. Wala hakuna mtu anayekaa kuziandika barua hizo moja moja. Programu fupi ya Chama cha Kompyuta husoma orodha ya wazazi, hutia jina la kila mtoto mahali pake, kisha humkabidhi mchukuzi. Mimi ni mwanachama wa chama hicho, nami naiona kazi hiyo kuwa njema. Lakini imeingia pamoja nayo fikira moja isiyo njema, nayo ni kwamba programu ikiisha kusema imetuma, basi kazi imekwisha. Naomba nafasi hii nieleze kwa nini siikubali fikira hiyo.

Yafaa kwanza nieleze huyo mchukuzi ni nani, maana wazazi wengi hawamjui. Bwana Ray Tomlinson wa Marekani ndiye aliyetuma barua-pepe ya kwanza katika mtandao wa kompyuta mwaka 1971, na ni yeye aliyeichagua alama ya @ tunayoiona katika anuani zote. Mwaka 1982 Bwana Jon Postel aliandika kanuni za kupokezana barua hizo, ziitwazo kwa kifupi SMTP, nazo ndizo msingi wa kazi hii hata leo. Siku hizo wenye kompyuta katika mtandao walikuwa wachache, na mtu akisema "mimi ni fulani" aliaminiwa. Lakini dalili ya hatari ilikwisha kuonekana. Tarehe 3 Mei 1978 Bwana Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo la biashara ambalo hawakuliomba. Baadaye barua taka za namna hiyo zikazidi mno, na wenye kupokea wakaanza kufunga milango.

Ndiyo sababu leo kompyuta ya shule haiwezi kwenda yenyewe kubisha hodi kwa Google au Yahoo na kutumaini kufunguliwa. Haijulikani huko, na asiyejulikana hushukiwa. Tena makampuni mengi ya intaneti huufunga kabisa mlango namba 25, ambao ndio njia ya barua toka zamani. Basi yakatokea makampuni ambayo kazi yake ni kuchukua barua za watu wengine na kuzifikisha kwa jina linalojulikana. SendGrid ilianzishwa Marekani mwaka 2009, na mwaka 2019 ikanunuliwa na kampuni iitwayo Twilio. Amazon nayo ilianza huduma ya namna hiyo, iitwayo SES, mwaka 2011. Ili kurahisisha kazi, makampuni haya hutoa furushi la programu iliyokwisha kuandikwa, ambalo waandishi wa programu huliita maktaba. Mwenye kutumia lugha ya Python huiweka maktaba hiyo katika kompyuta yake kwa amri ya mstari mmoja. Kisha huandika mistari michache tu: barua yatoka kwa nani, yaenda kwa nani, kichwa chake ni nini, maneno yake ni yapi, na ufunguo wa siri wa kumtambulisha kwa mchukuzi.

Wapo wenzetu wasemao ni aibu kutumia maktaba ya watu wengine, na ati kijana mwenye bidii aandike kila kitu mwenyewe. Mimi sikubaliani nao. Fundi cherehani wa sokoni halimi pamba wala hafui chuma cha sindano, na hakuna amchekaye. Walakini nguo ikimbana mteja, fundi hawezi kujitetea kwa kusema kosa ni la kiwanda cha uzi. Yeye ndiye aliyepima na kukata, na ndiye mteja amjuaye. Vivyo hivyo mzazi hana habari na SendGrid wala Python. Ajua shule tu.

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Programu inapomkabidhi SendGrid barua hujibiwa kwa tarakimu. Ufunguo ukiwa si sahihi hujibiwa 401. Mambo yote yakiwa sawa hujibiwa 202. Wengi wakiiona 202 hufurahi na kuizima kompyuta. Lakini tarakimu hiyo maana yake ni moja tu: "Nimepokea ombi lako, nitalishughulikia." Haisemi barua imefika, wala haisemi itafika. Ni sawa na karani wa Posta anayeipokea bahasha dirishani. Ameipokea kweli, lakini gari la barua halijaondoka.

Baada ya 202 iko safari ndefu. Mchukuzi huenda kwenye seva inayotunza barua za mzazi. Pengine huko hujibiwa 550, yaani mlango hauwafunguki, mara nyingi kwa sababu hakuna mtu mwenye anuani hiyo. Na herufi moja iliyokosewa siku ya kuandikisha yatosha kuleta jibu hilo. Barua ikirudi namna hiyo, SendGrid huiandika anuani ile katika orodha ya wasiopelekewa. Na hapa pana jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma. Muhula unaofuata programu ikipeleka barua kwa anuani ileile, SendGrid haijaribu hata kuipeleka, bali huitupa. Na bado programu hujibiwa 202 kama kawaida. Mwenye kutazama tarakimu hiyo peke yake aweza kumwandikia mzazi huyo miaka minne, tangu kidato cha kwanza hata cha nne, asijue kwamba hakuna barua hata moja iliyofika.

Tena seva yaweza kuipokea barua na kuitia katika kapu la taka. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti. Mpelekaji apaswa kuthibitisha kwamba jina analolitumia ni lake, kwa njia ziitwazo SPF au DKIM. Ya kwanza ni orodha ya wachukuzi walioruhusiwa kupeleka barua kwa jina hilo, na ya pili ni muhuri unaotiwa katika barua yenyewe. Wenye kupeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku wamewekewa masharti makubwa zaidi. Na asidhani mtu kwamba ataepuka hayo kwa kuandika juu ya barua anuani ya mwalimu ya yahoo.com. Tangu mwaka 2014 Yahoo imetangaza kwamba barua yenye jina lake isiyothibitika kuwa yake ikataliwe.

Mwisho wa safari ni jicho la mzazi, na huko hakuna tarakimu ifikayo. Wengi wa wazazi wetu walifunguliwa anuani ya barua-pepe na kijana wa dukani siku waliponunua simu. Kijana aliiandika, simu ikawaka, mama akaenda zake nyumbani. Anuani ni ya kweli, seva huipokea barua, na mchukuzi hurudisha habari kwamba imefika salama. Lakini mama hajui kwamba ana kasha la barua, wala hajui neno la siri la kulifungulia.

Msidhani nazungumza mambo ya kufikirika tu. Muhula uliopita siku ya kufunga shule ilibadilika, likizo ikaanza siku tatu kabla ya tarehe iliyotajwa zamani. Barua zilitumwa kwa programu, na kila moja ikajibiwa 202. Siku ilipofika, wengi wetu tuliondoka. Lakini walibaki watoto wa kidato cha kwanza, watokao mbali, wameketi juu ya masanduku yao mbele ya bweni. Wazazi wao hawakuwa na habari, na hawakuwa wametuma nauli. Mwalimu wa zamu alikaa na simu hata usiku akiwatafuta mmoja mmoja. Wote walifika kwao salama, twashukuru. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne asiyejua kwa nini hakuna aliyemkumbuka, huwezi kumtuliza kwa kumwonyesha 202 katika kioo cha kompyuta.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza watasema kazi ya Chama ni kuandika programu, na kuwatafuta wazazi ni kazi ya ofisi. Lakini zamani karani alipokuwa akiandika kwa mkono, bahasha iliporudi na maneno "hajulikani" ilimrudia mezani, akaiona kwa macho yake. Sisi tumeiondoa meza ile. Bahasha zinazorudi sasa zimo katika daftari la mchukuzi, na afisini hakuna ajuaye pa kulifungua. Aliyeziondoa machoni pa karani ndiye apaswaye kuzirudisha machoni pake. Wa pili watasema tuache barua-pepe, tutumie ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe wa simu wafaa kwa tarehe, nami naupenda. Lakini hauchukui taarifa nzima ya maendeleo ya mtoto yenye masomo yote na maneno ya walimu. Na hata simu hupotea, na namba hubadilika. Ugonjwa wa kudhani kwamba kutuma ni kufikisha utatufuata huko pia. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ni kweli, lakini aliyemtuma huulizwa.

Basi natoa mashauri manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, siku ya kufungua shule, mzazi anapomleta mtoto, programu impelekee barua ya majaribio palepale. Aifungue katika simu yake mbele ya mwalimu, naye aijibu kwa neno moja. Asiyeweza, andikwe katika orodha ya watakaopigiwa simu au kuandikiwa karatasi, bila kuonewa haya. Shauri hili peke yake litagundua herufi zilizokosewa na anuani za kijana wa dukani.

Pili, programu iandike daftari. Mchukuzi hutoa habari za kila barua, kama imefika, imerudi, au imetupwa. Habari hizo ziandikwe kwa majina ya wanafunzi, na siku ya pili baada ya kutuma, orodha ya zilizorudi na zilizotupwa ichapwe na kupelekwa afisini. Orodha ya namna hiyo haitazidi ukurasa mmoja, na karani mmoja na simu moja wataimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Tatu, tuache kutumia anuani isiyopokea majibu. Barua zetu sasa huishia kwa maneno "tafadhali usijibu barua hii". Mtu akikuandikia habari za mwanao, halafu akuambie usimjibu, utamwonaje? Mzazi aweza kutaka kusema kwamba mtoto ana homa, au kwamba nauli itachelewa mpaka mavuno yauzwe. Iwepo anuani inayosomwa na mtu kila siku ya kazi, na chini ya barua pawe na jina la mtu huyo.

Nne, ufunguo wa siri utunzwe kama ufunguo wa kabati la mitihani. Usiandikwe ndani ya programu ambayo kila mwanachama huinakili kwenda nayo, bali uwekwe mbali nayo, katika kompyuta yenyewe, chini ya ulinzi wa mwalimu. Mwenye ufunguo huo aweza kuwaandikia wazazi wote kwa jina la Mkuu wa Shule, kwa muhuri wa kweli, akiwataka watume fedha kwa namba fulani ya simu. Wazazi wengi wamekwisha kuzoea kuwashuku matapeli wa simu, lakini barua ya shule wataiamini.

Wenzangu wa Chama cha Kompyuta, msinichukie kwa maneno haya. Kuandika mistari kumi inayopeleka barua mamia kwa dakika moja ni jambo la kujivunia, na mwalimu wetu afanya kazi kubwa kutufundisha. Nasema tu kwamba mistari ile kumi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili haina sifa nyingi: ni kusoma orodha, kusahihisha herufi, na kumpigia simu mama wa mtu. Walimu wetu, nawaombeni mtupe nafasi ya kufanya nusu hiyo nasi, hata kama ni Jumamosi. Nanyi wazazi mtakaolisoma gazeti hili, mkija kufungua shule njooni na simu zenu zikiwa na chaji, na msione aibu kusema kwamba barua zetu hamkuziona.

Muhula huu shule itafungwa, na mimi nitakuwa nimemaliza mtihani na kuondoka. Watoto wa kidato cha kwanza watabaki kwa miaka mitatu zaidi. Ningependa wao wajue kwamba mtu ametazama kama kwao kumefika habari.

Mwanafunzi, Kidato cha IV