Bagamoyo Si Magofu Peke Yake

Mara kwa mara mabasi ya shule huteremsha wanafunzi huko Kaole, yapata kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Wanafunzi huonyeshwa kuta za msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, kibla chake, kisima na makaburi yenye nguzo. Aghalabu huandika katika madaftari yao kwamba Waarabu ndio waliojenga hapo, kisha hupanda mabasi na kurejea Dar es Salaam. Mwalimu huamini kwamba ametimiza wajibu wake, kumbe ametimiza nusu tu, na hata nusu hiyo ina kasoro.

Kasoro yenyewe imo katika maneno hayo ya daftarini. Mawe ya Kaole ni matumbawe ya bahari ile ile inayoonekana kutoka hapo. Uchimbaji uliofanywa Shanga, katika visiwa vya Lamu, katika miaka ya 1980 ulidhihirisha kwamba msikiti wa kwanza wa mahali pale, wa karne ya 8, ulijengwa kwa miti, na ule wa mawe ukaja kusimama baadaye papo hapo. Huo ni mwendo wa wenyeji walioipokea dini, wakaijengea nyumba, na wajukuu zao wakaiimarisha. Wageni walikuja, wakaoa, wakafundisha, na hapana haja ya kuwakana. Lakini msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali, uliojengwa upya kwa udongo mwaka 1907 kando ya soko, husifiwa kuwa kazi ya mafundi Waafrika. Ni ajabu kwamba katika nchi huru bado wapo walimu wanaowanyima mafundi wa pwani yetu sifa hiyo hiyo, kwa kuwa tu vitabu vya wakoloni viliwanyima.

Nusu iliyosahauliwa iko mjini, katika misikiti ambamo watu wanasali hadi leo. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ujiji na Tabora. Walikutana hapo wapagazi wa Kinyamwezi, Washomvi, Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wazigua, Wamanga, Wabaluchi, Wahindi wenye maduka na, tangu mwaka 1868, mapadre kutoka Ufaransa. Sokoni kila mtu alijua daraja lake. Isidhaniwe kwamba msikiti uliyafuta madaraja hayo kwa siku moja: safu ilikuwa moja wakati wa sala, lakini sala ilipokwisha mtumwa alirudi kwa bwana wake.

Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto, mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo. Alisoma, akaachwa huru, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, na mji uliompokea kama mali ya mtu ukamfanya mwalimu wake hadi alipofariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alimrithi, naye akawa miongoni mwa masheikh walioiunga mkono TANU. Mwanafunzi anayeonyeshwa minyororo ya watumwa bila kusimuliwa habari hii huondoka akidhani kwamba mtumwa hakuwa na lolote ila minyororo.

Wapo watumishi wanaosita kwa hoja kwamba Serikali haina dini. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haikatazi kujifunza. Mbona wanafunzi hao hao huingia katika misheni ya Bagamoyo bila mtu kuuliza? Linalotakiwa ni adabu tu: kuomba ruhusa ya imamu mapema, kuepuka saa za sala, kuvua viatu, na wasichana kujitanda. Baada ya hapo mwalimu anyamaze, na wanafunzi wawaulize wazee walioketi barazani babu zao walitoka wapi.