Kijiji kikikimbia, pointi za mtoto zinabaki wapi?

Kila mara wazazi wa Masisi na Walikale wakilalamika juu ya mitihani, kuna mtu anayejibu kwamba dawa ni kompyuta. Mtoto akae mbele ya skrini, ajibu, programu isahihishe palepale, na mambo ya kununua pointi na karatasi zilizochelewa yaishe. Neno hilo ni tamu kulisikia. Lakini kwetu huku, mbele ya kulikubali ao kulikataa, tuangalie kwanza mtihani wetu unatembea namna gani leo.

Wengi hawajui kwamba mtihani wa serikali, ule tunaoita Exetat, uko tayari nusu mikononi mwa mashini. Ulianza mwaka 1967. Leo, katika zile siku nne za session ordinaire (utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya option), finalisti anachagua jibu kati ya majibu aliyopewa na kutia alama ku fomu. Fomu inaenda kusomwa na mashini, na matokeo tunayaangalia ku simu. Kitu ambacho mashini haifanyi ni kusahihisha ile insha ya Kifaransa ya hors-session. Ile inataka macho ya mtu.

Kwa hiyo kusahihisha si njo shida yetu kubwa. Shida iko barabarani.

Itemu zinapigwa chapa mbali, zinafungwa vizuri, kisha zinapaswa kufika Nyabiondo, Pinga ao Mubi mbele ya siku ambayo watoto wa Kinshasa na Lubumbashi nao wanafungua bahasha zao. Kutoka Sake kupanda Masisi, ni nani asiyejua idadi ya vizuizi na wenye kuvisimamia? Upande wa Walikale, mvua ikinyesha lori linalala ndani ya matope siku mingi, na pikipiki haibebe makartoni yote. Mwaka 2025 ulionyesha jambo hili wazi. M23 iliingia Masisi-centre mwanzo wa Januari, ikachukua Goma tarehe 27 ya mwezi ule ule, ikaingia Walikale-centre tarehe 19 Machi, kisha ikatoka pale mwanzo wa Aprili. Hesabu mwenyewe: ni miezi ambayo finalisti anapaswa kuwa anarudilia masomo yake. Wengi walikuwa msituni, ao kwa jamaa upande wa Lubutu, daftari zimebaki nyumbani.

Wenye kutetea kompyuta watasema: haya, kumbe maswali yapite ku intaneti, yafike kwa dakika moja bila kuvuka kizuizi hata kimoja. Ni kweli, faili haiogope matope. Lakini inaogopa mnara wa simu uliokatika, na vijiji vingi vyetu vinakaa siku nzima bila rezo. Inaogopa tena kukosa koranti. Na hata mahali penye rezo na koranti, mambo yanaweza kuharibika.

Tuchukue Nigeria. Kule, mtihani wa kuingia chuo kikuu, unaosimamiwa na ofisi inayoitwa JAMB, unafanywa wote ku kompyuta tangu 2015. Mwezi wa tano 2025 matokeo yalitoka mabaya ajabu, watu wakapiga kelele, na uchunguzi ukaonyesha kwamba sehemu moja ya serveri za kupokea majibu haikuwekewa mabadiliko mapya ya programu. Watahiniwa 379,997 wa vituo 157, ndani ya Lagos na majimbo matano ya kusini-mashariki, wakaitwa kurudilia mtihani. Mkubwa wa JAMB, Ishaq Oloyede, alilia mbele ya waandishi wa habari na kuomba radhi. Ile ni nchi yenye vituo vya kompyuta kwa mamia na wafundi wa kutosha. Kosa kama lile likipata mtoto wa Kashebere, nani angeligundua, na angerudilia wapi?

Kwa mawazo yangu basi, Exetat ku kompyuta katika maeneo yetu mawili haijafika saa yake. Haina maana kwamba programu za mitihani hazina kazi huku. Zinayo, lakini ndani ya darasa, kwa majaribio madogo ya kila juma ambayo mwalimu mwenye wanafunzi sabini hapati muda wa kusahihisha.

Kuna programu zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo intaneti. Moja inaitwa Kolibri, ya shirika la Learning Equality la Marekani. Ni ya bure, inazungumza Kifaransa na Kiswahili, na imetumiwa na wakimbizi katika kambi ya Kakuma kule Kenya. Inawekwa ndani ya kompyuta ndogo inayoenea mkononi, ile wanayoita Raspberry Pi, ambayo inakunywa koranti kidogo karibu kama simu inayochajiwa. Panneau ya jua na betri vinaitosha. Kile kisanduku kinatoa wifi yake chenyewe. Tableti za wanafunzi zinashikana nacho, mwalimu anachagua maswali ndani ya maktaba, anafungua jaribio, anafunga, kisha anaona ni swali gani lililoangusha darasa nzima. Moodle nayo, iliyotoka Australia mwaka 2002, inamwachia mwalimu kuandika maswali yake mwenyewe na kuyachanganya ili jirani wasiibiane. Kuna namna yake inayoitwa MoodleBox ambayo inaingia ndani ya kisanduku kilekile.

Hapo njo tunafika ku jambo ambalo wazazi hawaulize, na mimi naliona kubwa kupita lile la kusahihisha haraka. Vita ikiingia kijijini, shule inapoteza madawati na milango, lakini inapoteza pia makaratasi: palmarès, buleteni, fishi za pointi. Madawati yanachomwa kuni, na karatasi njo zinawasha ule moto. Mtoto anafika masomoni mapya, anasema niko wa tatu ya humanités, prefe anamuuliza buleteni, hana. Atarudishwa nyuma mwaka mmoja, ao wazazi watatafuta makuta ya karatasi fulani ya kuulizia-ulizia. Mtoto wa kike mara mingi anaachia hapo. Pointi zilizo ndani ya programu zinaweza kuwekwa mahali pawili, patatu: kisanduku kikiibiwa Masisi, kopi iko Goma ao Kisangani. Karatasi hazikimbie, hizi zinaweza kukimbia pamoja na mwalimu, ndani ya kadi ndogo ya memori, mfukoni.

Lakini kile kinachokimbia kwa urahisi kinashikwa pia kwa urahisi. Ndani ya programu ile hakuna pointi tu, kuna majina ya vijana, na wengine wanaandika umri, kijiji na namba ya mzazi. Katika eneo ambalo makundi yenye silaha yanatafuta vijana wa kuingiza jeshini, orodha ya wavulana wa miaka kumi na sita na shule yao si kitu cha kuacha bila neno la siri. Programu hizi zinaruhusu kuandika namba badala ya jina. Shule ibaki na daftari moja ya kulinganisha namba na majina, na daftari ile ikae na mtu anayejulikana. Tena tableti ni mali, inaonekana, inauzika. Shule yenye tableti hamsini na mlango wa mbao inawapa wezi sababu mpya ya kuja usiku.

Basi siku shirika likifika ku kijiji chako na makartoni ya tableti, na picha zikianza kupigwa, komite ya wazazi iulize mambo machache kabla ya kupiga makofi. Maswali yaliyo ndani yanafuata programu yetu ya taifa ao ni ya nchi ingine? Betri ikikufa baada ya miaka mbili, nani ananunua ingine? Mwalimu anayefundishwa kutumia chombo akihama, nani mwingine anajua? Kopi ya pointi inaenda kwa nani? Mradi ukiisha, pointi zinabaki za shule ao zinaondoka na shirika?

Na kwa shule zisizo na tableti, yaani karibu zote, prefe mwenye simu ya kupiga picha anaweza kufanya kitu bila kungoja mtu. Kila mwisho wa période, afunue palmarès mahali penye mwanga, apige picha ukurasa kwa ukurasa, atume kwa mtu wa sous-division na kwa mwalimu mmoja aliye mbali na eneo. Picha zikisha kufika, azifute ku simu yake mbele ya kuingia barabarani.