Kumlilia Mungu Si Kukufuru

Ndugu msomaji, mtaani kwetu hapa Dodoma palikuwa na msiba. Mama mmoja alifiwa na mwanawe wa kwanza, naye katika kilio chake akauliza kwa sauti, "Mungu wangu, kwa nini?" Mzee mmoja jirani akamkatiza upesi: "Nyamaza, mwanangu. Muumini hamhoji Mungu." Mama yule akanyamaza. Alinyamaza siku saba, hata chakula kikamshinda. Nami niliyekuwapo sikusema neno, na jambo hilo limenisumbua.

Je, ni kweli kwamba kumwuliza Mungu ni kukufuru? Tuwatazame Waebrania wa kale, ambao maneno yao ya sala tungali tunayatamka kila siku. Katika Zaburi zao 150, yapata theluthi moja ni vilio vya watu walio taabuni. Zaburi ya 13 inarudia swali la "hadi lini" mara nne. Nyingi za namna hiyo humalizikia katika shukrani, lakini ya 88 haina faraja hiyo: neno lake la mwisho kwa Kiebrania ni giza. Hata hivyo, waliozikusanya sala hizo hawakuiondoa.

Chukua neno Hosana. Siku ya Jumapili ya Matawi watoto wetu huliimba kwa shangwe, wakipunga makuti. Kumbe asili yake ni kilio: "Tuokoe, twakusihi!" Vivyo hivyo jina Ishmaeli, ambalo ndugu zetu Waislamu hulitamka Ismaili, maana yake ni kwamba Mungu husikia. Nalo Amina, litamkwalo kanisani na msikitini, lina shina moja na maneno yetu imani, amini na amana. Asemaye Amina baada ya kulia hakani uchungu wake. Anaukabidhi mahali anapopaamini.

Nchi hii ya Ugogo inakijua kilio. Mvua zetu ni za miezi michache, tangu Desemba hadi Aprili, na zikikosekana, uwele na mtama hukauka shambani. Katika miaka ya 1917 hadi 1920 palitokea njaa iitwayo Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Kisha ukame ukafuata. Yakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa. Ni nani angethubutu kuwaambia wazazi wa wakati ule kwamba wasiulize kwa nini?

La hasha, sisemi kwamba kilio peke yake kinatosha. Mwenye njaa aombewe na apewe unga. Mgonjwa aombewe na apelekwe hospitali. Lakini kumziba mfiwa kinywa ni kumwongezea mzigo. Anayemlilia Mungu bado anazungumza naye. Wa kuhofiwa zaidi ni yule aliyekata shauri kwamba hakuna wa kumsikia.

Siku ya nane nilikwenda kwa mama yule pamoja na mke wangu, tukiwa na uji. Nilimwambia, "Dada, lile swali lako si dhambi. Liseme." Alilia kwa muda mrefu, akauliza yote aliyokuwa ameyafungia moyoni. Hatukumjibu, kwa maana hatukuwa na jibu. Mzee jirani alikuwa ameingia polepole, akaketi karibu na mlango. Alipokwisha kulia, mzee akasema kwa sauti ya chini, "Nami nilimzika mke wangu bila kuuliza. Mpaka leo swali ningali nalo."

Mama akamtazama, kisha akaomba kikombe cha uji. Akanywa nusu, nusu nyingine akampa mzee.

Basi, ndugu msomaji, msiba ukibisha hodi kwa jirani yako, usiende na mahubiri. Nenda na uji, keti, usikilize. Ukifika wakati wa kusema Amina, mtaisema pamoja.