Kidonda Hakikupona, Kazi Ilianza

Mtu akitoka hospitalini baada ya ugonjwa mzito, swali letu la kwanza huwa: "Utarudi lini kazini?" Tunamaanisha kazi ile ile ya zamani, kana kwamba kupona ni kurudi pale pale.

Mtakatifu Kamili wa Lellis alikuwa askari na mcheza kamari. Kidonda cha mguuni kilimfikisha hospitali ya San Giacomo, Roma, na huko akaona jinsi wagonjwa walivyopuuzwa. Akaacha uaskari, akawa mhudumu wao, akapewa upadre mwaka 1584. Wanashirika wake wanahudumia wagonjwa hata Karungu, Kenya. Kidonda chenyewe hakikupona hadi alipofariki mwaka 1614.

Sisi tunaosoma falsafa tunapenda majibu yaliyokamilika. Kamili anatuonyesha kwamba shukrani haingoji afya kamili. Lakini tusimsukume mgonjwa abadili maisha ili tupate ushuhuda wa kusimulia. Kwanza tumpe muda, chakula na nauli ya kliniki. Kisha tumuulize: "Ndugu, ulipokuwa umelala kule, uliona nini?" Huenda kazi yake mpya imo katika jibu hilo.