Kingamwili Ipi, na kwa Mtoto Yupi

Kingamwili inayozuia virusi vya Epstein-Barr ni ile inayovikuta nje ya seli na kushika mahali pale pale ambapo virusi vingejishikiza au kupenyea. Zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi duniani wanaishi na virusi hivi, na damu yao imejaa kingamwili dhidi yavyo. Nyingi kati ya hizo hazizuii chochote. Zinaonyesha tu kwamba virusi vilishapita. Makala za toleo hili zinahusu tofauti hiyo, ambayo husahauliwa kila mara wingi wa kingamwili unapochukuliwa kuwa kipimo cha kinga.

Ushahidi wake ulitoka Uganda. Katika miaka ya 1970 damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ilikusanywa, kisha watoto wakafuatiliwa ili waonekane ni nani wangepata saratani ya Burkitt, inayohusishwa na virusi hivi na malaria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 na Guy de Thé na wenzake yalionyesha kwamba watoto waliougua walikuwa na kingamwili nyingi kuliko wenzao muda mrefu kabla uvimbe haujatokea. Kingamwili zilizopimwa zilikuwa dhidi ya ganda la virusi. Lakini virusi vikiwa nje ya seli ganda hilo hufunikwa na utando, na kingamwili ya ganda haina pa kushika. Wingi wake uliashiria mzigo mkubwa wa virusi mwilini. Kila ripoti inayojivunia kiwango cha kingamwili bila kueleza zinashika wapi inafaa kusomwa pamoja na matokeo hayo.

Mahali pa kushika panajulikana vizuri sasa. Protini iliyo nyingi kuliko zote juu ya utando wa virusi, gp350, hujishikiza kwenye kipokezi CD21 cha seli B. Kisha gp42 hushika molekuli za HLA za daraja la pili, na jozi ya gH/gL huiamsha gB, ambayo huunganisha utando wa virusi na wa seli. Kwenye seli zinazotanda koo njia ni nyingine: gp42 haihitajiki, na gH/gL yenyewe hushika kipokezi EphA2. Tena virusi hubadilika kulingana na seli vinamotoka. Vinavyotoka katika seli B huwa na gp42 kidogo, kwa kuwa nyingine hunaswa humo na HLA, hivyo huingia kwa urahisi katika seli za koo. Vinavyotoka katika seli za koo huwa na gp42 nyingi na huziwahi seli B. Mate yanayomfikia mtoto mchanga hubeba virusi vilivyopitia safari hiyo.

Kwa hiyo utafiti uliotumia miongo mingi kuitazama gp350 peke yake ulilinda mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili. Kingamwili ya panya 72A1, inayojulikana tangu miaka ya 1980, huzuia virusi kuingia seli B kwa kuiwahi sehemu ya gp350 inayoshika CD21. Kingamwili za aina hiyo hazizuii maambukizi ya seli za koo, na maabara imeonyesha kwamba zinaweza hata kuyarahisisha. Chanjo ya gp350 iliyojaribiwa Ubelgiji kwa vijana 181, na matokeo yake kutolewa mwaka 2007, ilipunguza ugonjwa wa mononukleosi kwa asilimia 78 lakini haikuzuia maambukizi yenyewe. Matokeo hayo yangetosha kuelekeza macho kwenye gH/gL mapema zaidi.

Hatua hiyo ilionekana wazi mwaka 2018, watafiti wa Fred Hutch, Seattle, walipoitangaza kingamwili AMMO1. Kuipata kulihitaji subira, kwa kuwa seli B zinazotengeneza kingamwili nzuri ni chache mno katika damu. Protini ya virusi hutiwa alama ing'aayo na kutumiwa kama chambo, seli zinazoinasa hutengwa moja moja, kisha jeni za kingamwili zake husomwa na kutengenezwa upya katika maabara. AMMO1 hushika gH/gL na kuzuia njia zote mbili. Mwaka 2020 ilionyeshwa kuwa inaweza kuwakinga nyani dhidi ya virusi ndugu wa Epstein-Barr vilivyotolewa kwa mdomo, mradi iwepo ya kutosha katika damu siku virusi vinapofika. Virusi vikishajificha ndani ya seli B, kingamwili imechelewa.

Sharti hilo la kuwahi ndilo linaloelekeza swali la mtoto yupi kwenye Ziwa Victoria. Watoto wa Kisumu, ambako malaria ipo mwaka mzima, walilinganishwa na watoto wa Nandi, ambako malaria ni ya vipindi. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta asilimia 35.3 ya watoto wa Kisumu wameambukizwa Epstein-Barr kabla ya kutimiza miezi 6, ikilinganishwa na asilimia 12.2 Nandi. Walioambukizwa mapema mno walibaki na virusi vingi zaidi katika damu kwa muda mrefu. Utafiti mwingine wa Kenya, wa mwaka 2015, ulionyesha kwamba mama akiugua malaria wakati wa ujauzito, baadhi ya kingamwili dhidi ya virusi hivi hupungua kumfikia mtoto kupitia kondo. Mtoto huyo ndiye anayehitaji kingamwili ya kuazima kuliko mwingine yeyote, naye ndiye anayetajwa mwishoni katika mipango mingi ya majaribio, baada ya wagonjwa wa kupandikizwa figo na ini. Wagonjwa hao wana haki ya kutangulizwa, kwani siku yao ya hatari inajulikana. Lakini orodha isiishie kwao.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kumpa mtoto kingamwili lina uzito: virusi vikicheleweshwa hadi ujana huleta mononukleosi, na utafiti wa askari wa Marekani uliotolewa mwaka 2022 uliihusisha Epstein-Barr na ongezeko la mara 32 la hatari ya ugonjwa wa sklerosisi anuwai. Hata hivyo kinachotakiwa Kisumu ni kuvuka miezi ya mwanzo, ambayo kinga ya mtoto bado ni changa. Pingamizi la pili ni gharama na ugumu wa kuifikisha dawa. Nirsevimab, kingamwili dhidi ya virusi vya RSV, imeshaonyesha kwamba sindano moja huweza kumlinda mtoto mchanga kwa takribani miezi mitano, kwa sababu mkia wake ulibadilishwa ili idumu. Nchini Mali watoto wa miaka 6 hadi 10 walichomwa L9LS, kingamwili dhidi ya malaria, kwa sindano ya chini ya ngozi, nayo ikawakinga. Bei bado ni kikwazo, na bei hujadiliwa. Haitokani na maumbile ya virusi.

Makala ya saratani ya pua na koo kusini mwa China inafaa kusomwa sambamba na hoja ya seli za koo. Ile ya historia inarudi hospitali ya Mulago na kwenye vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Kampala hadi London, ambamo Epstein, Achong na Barr waliviona virusi hivi mwaka 1964. Makala ya gB ni fupi na ya kiufundi.

Jaribio la kingamwili kwa watoto wachanga wa nyanda za ziwa halingelazimika kusubiri miaka mingi hadi saratani ihesabiwe. Vipimo viwili vingetosha kwa kuanzia: umri wa mtoto siku virusi vinapoonekana kwa mara ya kwanza katika damu, na wingi wa virusi hivyo katika miezi kumi na miwili inayofuata.