Amri ya Mombasa, Shamba la Mbeere

Mwezi Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipiga marufuku muguka, jani la kutafunwa la jamii ya miraa, usiingizwe wala kuuzwa katika kaunti yake. Kilifi ikafuata, kisha Taita Taveta. Kabla ya mwezi kwisha, viongozi wa Embu wakiongozwa na Gavana Cecily Mbarire walikuwa wamefika Ikulu, na Rais William Ruto akatangaza kwamba amri zile ni batili kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha utekelezaji wake. Huku kwetu Embu watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Mbeere ni nchi kavu. Mahindi yakikauka, muguka ndio unaolipa karo, na hakuna mkulima wa Kiritiri anayeweza kuambiwa saa hii na saa hii kwamba soko lake limefungwa.

Lakini amri ya mahakama haikumjibu mzazi wa Kisauni au Malindi anayelalamika kwamba mwanawe ananunua muguka kwa sarafu chache akiwa bado mwanafunzi, halali usiku, na darasani hayupo. Mzazi huyo hana ugomvi na Mbeere. Sisi tunaokaa upande wa shamba tumezoea kumhesabu kuwa adui, na jarida hili linaona kwamba mazoea hayo ndiyo yatakayotuponza.

Tusome Katiba kwa makini. Sheria ya Mazao ya 2013, iliyorekebishwa ili kuitambua miraa, iko upande wetu, na sera ya kilimo ni kazi ya serikali ya taifa. Ila Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linazipa kaunti kazi ya kudhibiti dawa za kulevya, tena linaitaja waziwazi. Kwa hiyo Mombasa haikuzuka tu; ilikuwa na kifungu cha kushika, kama sisi tulivyokuwa na chetu. Mgongano wa namna hiyo haumalizwi na tamko la Ikulu. Rais ajaye anaweza kutamka kinyume, na majaji wa rufaa wanaweza kuona mambo kwa jicho jingine. Mkulima aliyepanda kwa kutegemea tamko amepanda kwenye ardhi ya kuazima.

Igembe na Tigania kule Meru wanayajua haya zaidi ya Embu. Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwanzoni mwa 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014, ingawa baraza lake lenyewe la wataalamu wa dawa za kulevya lilikuwa limeshauri kwamba madhara yaliyothibitishwa hayatoshi kuhalalisha marufuku. Waziri Theresa May aliusikia ushauri huo akaamua vingine. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba nchi yake ingegeuka njia ya magendo ya kuingia Ulaya. Machi 2020 Somalia ilifunga milango, corona ikitajwa, na uhusiano wa Nairobi na Mogadishu ukazidi kuharibika. Ndege za miraa hazikurudi Mogadishu hadi Julai 2022, baada ya Rais Hassan Sheikh Mohamud kuzuru Kenya. Maua na Laare zilihisi kila moja ya tarehe hizo dukani, shuleni na hospitalini.

Kila pigo lilijibiwa kwa ahadi ya fedha. Mwaka 2016 ilikuwa shilingi bilioni moja kwa wakulima wa miraa; 2024 zikatajwa milioni 500 za kuongeza thamani. Hatupingi fedha. Tunauliza kwa nini kila mara zinatajwa baada ya mlango kufungwa, na kwa nini kabla ya hapo hakuna anayekwenda kwa mnunuzi kumuuliza linalomsumbua. Kahawa ingekuwa imetufunza: makubaliano ya kimataifa ya mgao wa mauzo yalipovunjika 1989, bei ilianguka, na wapo wakulima wa Meru na Embu waliong'oa mibuni yao wakiwa hawajawahi kushirikishwa katika mazungumzo yoyote.

Basi tunasema hivi, tukijua kuna wasomaji wetu watakaokasirika. Kaunti za Embu na Meru zitunge zenyewe masharti makali kuliko yale zinayoogopa kutungiwa: umri wa mnunuzi, mahali pa kuuzia, dawa zinazopuliziwa majani na siku za kungoja kabla ya kuchuma. Hili la dawa hatulisemi kwa sababu ya Pwani tu. Wanaochuma ni jamaa zetu, na wanaotafuna pia wako Embu mjini na Makutano. Kijana wa Siakago anayekesha akitafuna hana tofauti na wa Likoni, ila huyu wetu hatumsemi kwa sababu jani limetoka kwetu.

Baada ya hapo magavana wa Meru, Embu, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakutane, mawakili wakibaki nje. Ajenda ya kwanza iwe ya mtoto: nani anamuuzia, na mlango wa duka lipi utafungwa. Ushuru wa magari yanayobeba muguka unaweza kungoja ajenda ya pili.