Anayebaki si aliye bora

Kila mwisho wa Machi, sisi mashabiki wa besiboli hukereka. Timu za ligi kuu ya Marekani hupunguza vikosi hadi wachezaji 26, na mimi hushuhudia mwenye kiwango akifungashiwa virago.

Tatizo ni karatasi. Wale 26 hutoka katika orodha pana ya klabu yenye watu 40. Aliyemo humo kwa kawaida aweza kushushwa ligi ndogo katika misimu mitatu tofauti. Misimu hiyo ikiisha, klabu haiwezi kumshusha bila kwanza kuziachia klabu nyingine 29 nafasi ya kumchukua. Kwa hiyo kijana anayepiga vizuri hushushwa, na mkongwe aliyechoka hubaki, kwa kuwa uongozi unaogopa kumpoteza bure.

Dawa ipo, ila ni ya kijiko. Kila Desemba klabu yaweza kumchukua kijana wa klabu nyingine aliyeachwa nje ya orodha ya 40 kwa misimu minne au mitano. Inalipa dola 100,000, na lazima imbakishe kikosini msimu mzima.

Mwaka 1954, kwa utaratibu wa namna hiyo, Pittsburgh Pirates walimchukua Roberto Clemente kutoka Brooklyn Dodgers kwa dola 4,000 tu. Alimaliza ubishi wote: mapigo 3,000 yaliyofanikiwa, na mataji mawili.

Ligi ipunguze misimu hiyo minne au mitano ya kusubiri hadi mitatu. Klabu isiyomtaka mchezaji imwachie anayemtaka.